Namba Iliyovaliwa Mkononi

Naisenya alishuka stendi ya Karatu saa mbili asubuhi, shuka yake ikiwa bado na unyevu wa ukungu wa Ngorongoro. Ndani ya pochi yake ya ngozi mlikuwa na kadi mbili za benki, moja hai na moja iliyokufa. Ile iliyokufa ndiyo aliyoileta makusudi. Mwalimu Sylvesta wa darasa la sita alikuwa amemwomba aje kuwaeleza watoto jinsi kadi zinavyolindwa na wezi, naye akaona kadi iliyokwisha kufungwa na benki ndiyo inayofaa kupitishwa mikononi mwa watoto. Hata ikitumbukia chooni, haina hasara tena.

Kwa nini aitwe yeye? Kwa sababu katika wanawake thelathini wa Kimaasai wa kikundi chao cha kuuza shanga, yeye ndiye aliyepelekwa Arusha siku mbili kujifunza mashine ya kadi. Wageni wanaopanda kutazama kreta hawatembei na noti siku hizi. Wanashuka kwenye Landkruza, wanachagua mkufu, wanatoa kadi. Kikundi kisicho na mashine kinabaki kupigwa picha tu. Basi wenzake walimwita Mama Mashine, na yeye, tuseme kweli, jina hilo alilipenda kuliko lile la mwanawe mkubwa, Mama Sankale.

Lakini asubuhi ile alikwenda shuleni kwa njia ya nyuma, kwenye mifereji na vumbi la matofali, kama mtu anayedaiwa. Barabara kubwa ina ATM, na kando ya ATM kuna kibanda cha bluu kilichopigwa kufuli tangu mwezi wa nne. Hakutaka kukiona.

Kibanda kilikuwa cha Goodness, mama wa Kiiraqw aliyekuwa wakala wa benki na wa pesa za simu. Ndiye aliyemshika Naisenya mkono mara ya kwanza kabisa mbele ya ATM, akamwonyesha kadi inaingia upande gani. Ilipofika saa ya kuandika namba ya siri, Goodness aligeuza uso akatazama barabara. Akasema, "Andika, mama, mimi nahesabu malori." Na kweli alihesabu, kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi Naisenya alipomaliza.

Huyo ndiye waliyemwita mwizi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu, alasiri moja, fedha za kikundi zilitolewa kwenye ATM ile mara nne mfululizo, laki nne nne, hadi kikomo cha siku kikazuia. Meseji za kutahadharisha zilitumwa, ndiyo, benki haikudanganya hapo. Zilitumwa kwenye laini ya mwenyekiti wa zamani, Mama Resiato, na laini hiyo ilipotea na simu yake kwenye korongo mwaka juzi. Hakuna aliyekwenda kuibadilisha. Karatasi za kubadilishia zilikuwa za Kiingereza, na kijana wa benki aliyekuja bomani siku ya kufungua akaunti alikuwa na haraka ya kuwahi geti la hifadhi kabla halijafungwa. Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Watu wa nyanda hizi wamekuwa wakiweka dole gumba kwenye karatasi wasizozisoma tangu enzi za mashamba ya Wazungu, na kila mara karatasi ikija kuwageukia huambiwa: lakini si mliweka wenyewe?

Wanawake waliligundua tobo baada ya wiki tatu. Benki ikawajibu kwa sentensi mbili. Namba ya siri iliyotumika ni sahihi. Kwa hiyo ni ninyi wenyewe, au ni mtu mliyempa. Miezi miwili kabla ya hapo, mgeni mmoja alifika kwao Ulaya akasema hakumbuki kununua mikufu sita. Akapiga simu moja, benki yake ikamsikiliza, na fedha zikachomolewa kwenye akaunti ya kikundi bila hodi. Mgeni akisema sikununua, anaaminika. Mwanamke wa bomani akisema sikutoa, anaambiwa namba ni sahihi.

Walikaa kikao kwenye stoo ya bati ya kikundi. Mama Resiato akauliza pole pole.

"Namba nani anaijua?"

"Mimi peke yangu," akasema Naisenya.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Ulimi wangu ukatike."

Hapo alisema kweli.

"Na kadi? Ilitoka mikononi mwako hata mara moja?"

Hapo Naisenya alitazama bati. Alasiri ile ile ya mwezi wa tatu alipanda lifti ya Benson, dereva wa wageni, kutoka bomani hadi Karatu, akasahau pochi kwenye kiti. Benson aliileta jioni, anacheka, anasema, "Mama Mashine, siku moja utasahau kichwa!" Noti zilikuwa zimetimia, kadi ilikuwa mahali pake. Mwizi gani anarudisha pochi? Kulitaja jambo hilo mbele ya wanawake thelathini ilikuwa ni kujivua heshima bure. Akasema, "Haikutoka."

Neno moja. Likawa kuni.

"Basi ni yule aliyekufundisha," Soila alidakia. Soila alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Yule wakala wa Karatu. Fedha zimetolewa wapi? Mlangoni pake! Ana mashine kibandani, atashindwaje kutengeneza kadi nyingine kama yetu?"

Naisenya hakusema ndiyo. Alinyamaza tu, na siku ya mnada, wanawake ishirini walipoteremka Karatu, yeye ndiye aliyetangulia, maana ndiye aliyekijua kibanda. Alipofika alinyoosha kidole. Kisha akapiga kelele, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo: "Mwizi! Mwizi huyu hapa!"

Goodness alikuwa anamhudumia mteja. "Mama Sankale," alisema, "mimi? Mimi niliyegeuza uso?"

Wengine hawakusikia. Bodaboda walipiga honi, mtu akarusha kitunguu kilichooza kikampata Goodness begani. Baada ya wiki hakuna aliyekuja tena kibandani. Baada ya wiki mbili waliompa mashine wakaichukua. Kufuli. Tangu hapo Goodness alikuwa akilima vibarua Mbulumbulu, na siku za mnada anauza maharage kwa kilo, mwisho kabisa wa safu, karibu na punda.

*

Darasani kulikuwa na watoto hamsini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Naisenya alimvalisha mwalimu Sylvesta bangili mpya ya shanga, zawadi, ya mtindo ule ule aliouvaa yeye mwenyewe, mtindo ambao wageni waliupenda hata kikundi kikatengeneza dazeni kwa dazeni. Watoto wakapiga makofi. Kadi iliyokufa ikaanza safari yake kutoka dawati la kwanza.

"Wanangu," alianza, "hii ni kadi ya benki. Ukiitumia unatoa chako ulichoweka. Lakini wageni wengi wana kadi ya mkopo. Hiyo, benki inawalipia kwanza, wao wanairudishia benki mwisho wa mwezi."

"Kama daftari la Mangi dukani!" akasema msichana mmoja wa mbele.

"Kama daftari la Mangi. Ila Mangi anaijua sura yako na anamjua mama yako. Benki haikujui. Mtu akija na kadi yako akasema mimi ndiye, benki itajuaje? Ndiyo maana kuna kinga, moja nyuma ya nyingine, kama boma lenye uzio wa miiba nje na zizi ndani."

Alikuwa amejiandaa. Wiki nzima alisoma karatasi ya benki, ile ya Kiswahili ambayo mwalimu alimtafutia, akaigeuza maneno ya nyumbani.

"Angalieni namba hizi za usoni. Kwetu tunawakata ng'ombe masikio, kila ukoo na mkato wake. Lakini mwizi akiuona mkato wako, na yeye ana kisu. Namba za usoni ni hivyo, zinaonekana. Na huu mstari mweusi wa mgongoni ni wa zamani. Wezi walikuwa na kimashine kidogo kama kiberiti. Wanaipitisha kadi yako humo mara moja, wanapata pacha wake."

"Na hiki cha njano? Dhahabu?"

"Kaing'oe uone kama utauziwa hata pipi." Watoto walicheka. "Hicho kinaitwa chipu. Ni kompyuta ndogo kuliko kucha. Mwalimu, tuwaonyeshe."

Mchezo waliupanga pamoja. Mwalimu Sylvesta alisimama pembeni ya ubao. "Mimi ni chipu," akasema. "Mama ni benki. Tuna siri yetu wawili. Sikilizeni."

"Tano," akasema Naisenya.

"Kumi na mbili," akajibu mwalimu.

"Haya, wewe mwizi hapo dirishani, umesikia nini?"

"Kumi na mbili!" akasema mvulana aliyenyooshewa kidole, kifua mbele.

"Umeshatajirika. Njoo kesho uibe. Mimi benki nakuuliza: ishirini?"

"Kumi na mbili!"

Darasa likaangua kicheko. Mvulana akashika kichwa. "Kumbe swali linabadilika!"

"Linabadilika kila mara. Na siri ya kujibu haitoki ndani ya chipu, wala siyo kuongeza saba kama mwalimu alivyofanya. Ni hesabu ngumu kuliko vitabu vyenu vyote. Mwizi anaweza kusikia jibu la leo, lakini jibu la leo kesho ni takataka. Kwa hiyo kadi yenye chipu, wanangu, hakuna mtu wa kibandani anayeweza kui..."

Alisimama. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, akalisikia kama limesemwa na mtu mwingine. Wiki nzima alilisoma kwenye karatasi na lilikuwa somo tu. Sasa lilikuwa na sura ya mtu mwenye doa la kitunguu begani. Hakuna mtu wa kibandani anayeweza kutengeneza nyingine.

"Kui nini, mama?"

"Kuitengenezea pacha," alimalizia.

Aliendelea haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Akawaeleza kwamba mgeni akinunua kwa mtandao, benki inamtumia namba ya kutumia mara moja kwenye simu yake, na kwamba simu hiyo lazima iwe ni ya kwake, laini iliyo hai. (Aliikumbuka laini ya korongoni.) Akawaambia benki inachunga kama mchungaji anayejua tabia za ng'ombe wake: kadi iliyolipia kahawa Oldeani asubuhi, ikisikika saa moja baadaye inanunua televisheni nchi ya mbali, kompyuta zinashtuka na kuifunga. Akawaambia mwenye kadi akiona kitu asichokijua apige simu siku hiyo hiyo, kadi ifungwe, na mwenye kadi ya mkopo asiye na kosa hurudishiwa.

"Na wasio na kadi ya mkopo?" mtoto mmoja akauliza.

"Hao wanaulizwa maswali kwanza," akasema Naisenya, na mwalimu akacheka peke yake.

"Sasa ya mwisho. Namba ya siri. Hata chipu ikiibwa, bila namba ni kipande cha plastiki. Humwambii mtu. Huiandiki. Niambieni, kama hukumwambia mtu, mwizi ataipataje?"

"Atachungulia vidole vyako!"

"Ndiyo. Ndiyo maana unafunika kwa mkono. Kingine?"

Mvulana aliyekuwa mwizi wa dirishani, Isaya, alinyoosha mkono. "Bibi yangu wa Mbulumbulu hajui kusoma. Namba yake ya pesa za simu ameifunga mafundo kwenye kamba ya mbuzi. Mafundo mawili, nafasi. Mafundo matano, nafasi. Anasema hajaiandika popote na hajamwambia mtu." Akasita ili wenzake wasogee. "Sisi wajukuu wote tunaijua. Hata mbuzi anaijua!"

Darasa zima likalala juu ya madawati. Naisenya naye alicheka, akacheka hadi machozi, akainua mkono kuyafuta, na bangili ikateremka hadi kwenye kiwiko.

Kicheko kikakwama.

"Hata bangili ya mwalimu ina mafundo!" akapiga kelele yule msichana wa mbele, aliyekuwa karibu na mkono wa Sylvesta. "Nyekundu tatu, nyeusi ya kutenganisha. Bluu nane, nyeusi. Nyeupe moja. Kijani sita!"

Na watoto, kama wanavyofanya na jedwali la kuzidisha, wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha, hadi bati likatetemeka:

"Tatu! Nane! Moja! Sita!"

"Na mama anayo ile ile!"

Naisenya aliuingiza mkono ndani ya shuka.

Siku aliyopewa kadi aliogopa kusahau. Kuandika alikatazwa, kusema alikatazwa. Hakuna aliyemkataza shanga. Tangu utotoni alijua kuzisemesha shanga, rangi hii ni mvua, rangi hii ni maziwa, mpangilio huu ni wa mke wa watu, huu ni wa msichana. Akaitunga namba mkononi mwake, akaona amewashinda benki kwa akili. Kisha mgeni mmoja akaipenda, wenzake wakaomba kuiga, naye angekataaje bila kusema sababu? Akajiambia, nani atajua? Akajiambia hivyo kwa majivuno, si kwa hofu. Hata kadi mpya ilipokuja baada ya wizi, benki ilipomwambia achague namba, alichagua ile ile, kwa sababu alikuwa ameshaivaa. Namba ya siri ya wanawake thelathini ilikuwa kwenye mikono ya watu wa nchi kumi na kwenye misumari ya nusu ya maduka ya vinyago ya Karatu.

Na Benson. Alikumbuka safari ya mwezi wa tatu, wageni nyuma wanauliza maana ya rangi, Benson anatafsiri. "Na hii ya mkononi mwako, mama, inasemaje?" Naye akajibu, akicheka, ajionyeshe: "Hii haisemi kwa wageni. Hii ndiyo inalinda mali ya kikundi." Benson alitazama mkono wake mwenyewe kwenye usukani, uliovaa bangili kama ile. Kisha akautazama wa Naisenya. Kisha pochi ikabaki kwenye kiti.

Jioni alipoirudisha, Naisenya alimshika mikono yote miwili akamtemea mate viganjani, baraka ya mama kwa mwana. Alimbariki mwizi. Alimnyooshea kidole asiye mwizi mbele ya mnada.

"Mama, unaumwa?" mwalimu aliuliza chini chini.

Kabla hajajibu, msichana mmoja wa dawati la mwisho alikuwa amesimama. Alikuwa ameishika kadi iliyokufa. Safari yake ilikuwa imeishia kwake. Hakuwa amecheka hata mara moja tangu somo lianze.

"Naitwa Brigita," alisema. "Wa Mama Goodness."

Chumba kizima kilikijua kisa. Watoto husikia kila kitu.

"Umesema mwenye kadi akiibiwa bila kosa, benki inamrudishia. Mtu akiitwa mwizi mnadani bila kosa, nani anamrudishia?"

"Brigita, kaa chini," akasema mwalimu, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Nitakujibu," akasema Naisenya.

"Lini?"

Mtoto hakuwa na adabu mbaya. Alitaka tarehe tu.

"Siku ya mnada."

Alitoka shuleni akapita barabara kubwa. Aliingia kwenye ATM, akabadilisha namba. Alipotoka, kibanda cha bluu kilikuwa pale pale. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye mlango, MWIZI, na mvua tatu zilikuwa hazijaweza kulifuta. Alilifuta kwa ncha ya shuka. Likabaki doa kubwa la kijivu, baya kuliko neno.

*

Wenzake aliwaambia yote kwenye stoo ya bati: pochi, Benson, bangili, uongo. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Mama Resiato alivua bangili yake akaiweka sakafuni, wengine wakafuata, na lile rundo dogo la rangi likakaa katikati yao. Benson walimpigia, simu haipatikani. Wakasikia amehamia kampuni nyingine, pwani. Polisi wakasema watafuatilia.

Ni Soila aliyekuja na njia. "Tumpelekee Mama Brigita kilo tano za sukari na jike la kondoo. Twende nyumbani kwake, kimya kimya, tumalize kiutu uzima. Kutangaza kwa nini? Wageni watasikia. Madereva wataacha kusimamisha magari kwetu."

Wengi waliguna kukubali, na Naisenya, Mungu amwone, moyo wake ulirukia hapo kama mbuzi aliyeona tobo kwenye uzio. Nyumbani. Kimya kimya. Kuna dunia nzima inayoendeshwa hivyo: barua ya kukufukuza inasomwa kwa kipaza sauti, na ya kukuomba radhi, ikiwapo, inabaki kwenye droo. Ilikuwa rahisi sana kuwa kama wao. Alilala na wazo hilo siku tatu, analigeuza kama godoro lenye kunguni.

Siku ya mnada alichuma majani mabichi juu, kwenye ukingo wa kreta, yakiwa na umande. Kwao, anayekuja na majani mkononi amekuja kwa amani, hapigwi. Hadi anafika Karatu, kwa joto la Noah iliyojaa abiria, yalikuwa yamenyauka. Soila alimfuata na mfuko wa sukari.

Goodness alikuwa amekaa nyuma ya debe la maharage, karibu na punda, kilemba kimefunika hadi nyusi. Brigita alikuwa kando yake akipepeta. Mtoto alimwona wa kwanza, akaacha ungo.

Naisenya alipiga magoti kwenye vumbi, akanyoosha majani kwa mikono miwili. "Mama Brigita," alisema, kwa sauti ya chini, "nimekuja. Hukuiba. Ni mimi niliyeivaa namba mkononi, na kadi niliisahau kwenye gari la mtu, nikaficha. Nisamehe."

Goodness aliendelea kuchambua maharage. Aliokota jiwe dogo akalitupa.

"Na hiyo sukari ya nini?" akamwuliza Soila.

"Ya chai, mama, ya..."

"Babu yangu alikuwa kibarua wa kahawa Oldeani. Gunia likapotea, akaitwa mwizi mbele ya foleni nzima ya siku ya mshahara. Baada ya wiki likaonekana stoo, nyuma ya mlango. Meneja alimpelekea sukari nyumbani. Kilo mbili, kwa mlango wa nyuma." Akaokota jiwe lingine. "Babu amekufa, meneja amekufa, na hadi leo nikienda Oldeani kuna wazee wanasema, aa, huyu ni wa ukoo wa gunia. Rudi na sukari yako, mama."

Kisha akamtazama Naisenya, kwa mara ya kwanza.

"Siku ile ulisema hivi? Kwa sauti hii?"

Naisenya alitikisa kichwa.

"Siku ile hata waliokuwa wanachinja kule mwisho walikusikia. Mimi masikio yangu hayana shida, Mama Sankale. Wao ndio hawajasikia."

Naisenya alitazama safu za mitumba, wachoma nyama, bodaboda wale wale waliolala juu ya pikipiki zao. Mbele yake alimwona mwalimu Sylvesta ananunua vitunguu, na pembeni ya mwalimu, Isaya wa kamba ya mbuzi, mdomo wazi. Uso ulimwaka kana kwamba ameinamia jiko. Alisimama.

"Watu wa Karatu!" Sauti ilikatika. Mtu akacheka. Alivuta pumzi, akaitafuta ile sauti ya mwezi wa nne, na alipoipata ilimuumiza kifua. "Mimi ni Naisenya! Mwezi wa nne nilisimama pale, kwenye kibanda cha bluu, nikamwita mama huyu mwizi! Nilisema uongo! Hakuiba! Kadi niliisahau mimi kwenye gari, namba niliitunga mimi kwenye shanga, tatu, nane, moja, sita, nikawauzia watu! Goodness aligeuza uso nilipoandika namba! Aligeuza uso akahesabu malori! Hakuiba!"

Wachoma nyama walikuwa wamesimama. Bodaboda mmoja aliuliza, "Anasemaje?" na mwenzake akamjibu, "Anasema yule wakala hakuiba. Nyamaza tusikie."

Naisenya akasema tena yote, tangu mwanzo. Mara ya pili watu walikuwa wengi zaidi. Alipomaliza hakukuwa na sauti iliyobaki, na wala hakuna aliyepiga makofi.

"Namba mmebadilisha?" Goodness aliuliza.

"Tumebadilisha."

"Umeitia wapi?"

Naisenya aligusa kichwa.

"Nionyeshe mkono."

Aliukunjua kutoka kwenye shuka. Pale bangili ilipokuwa, ngozi ilikuwa na mstari mwembamba uliopauka, mahali pasipoona jua miaka miwili. Goodness aliutazama kwa muda mrefu. Brigita naye alisimama akautazama.

Kisha Goodness aliyachukua yale majani. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliyalaza juu ya debe, akajifuta mikono, akamgeukia mwanamume aliyekuwa akisubiri nyuma yao wote tangu kelele zilipoanza, mmoja wa wale ambao hawakuwa wamenunua kitu kwake tangu mwezi wa nne.

"Ulisema kilo ngapi?"